Kumweleza Daktari Maradhi: Somo la Kiingereza na Ukalimani wa Nyumbani Kiloleli, Simiyu

Karibu kila mwanafunzi wa Kiingereza hapa nchini hupitia somo moja: mgonjwa anakwenda kwa daktari, anaulizwa anasumbuliwa na nini, anajibu, anaandikiwa dawa, anashukuru na kuondoka. Walimu hulipenda somo hili kwa kuwa linaigizika vizuri. Wanafunzi nao hulipenda kwa kuwa mmoja wao hupata ruhusa ya kukohoa na kujishika tumbo mbele ya darasa zima. Kwa mwalimu wa lugha, lengo ni msamiati wa viungo vya mwili pamoja na nyakati za vitenzi. Mtumishi wa afya akiketi nyuma ya darasa hilo ataona jambo jingine: watoto hawa wanaandaliwa, bila wao wenyewe kujua, kuwa wakalimani wa wagonjwa.

Tuitazame Kata ya Kiloleli, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu yako Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na kwa upande wa Busega inagusa Ziwa Victoria. Bibi wa miaka sabini katika eneo kama hili huenda akawa na Kisukuma kamili na Kiswahili cha mnadani tu. Mjukuu wake alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha alipoingia kidato cha kwanza masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza. Tabibu aliyepangiwa kazi zahanati huenda ametoka Mbeya au Kilimanjaro. Anazungumza Kiswahili, lakini alisomea utabibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ndivyo anavyoandika katika faili. Majibu ya maabara, maandishi ya kasha la dawa, barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa Bariadi au Bugando kule Mwanza, vyote ni vya Kiingereza. Kwa hiyo maumivu ya bibi huvuka lugha tatu kabla ya kupata tiba, na maelekezo ya tiba huvuka lugha hizo hizo tatu wakati wa kurudi. Anayeambiwa "hebu tusomee, hapa wameandika nini" ni yule mjukuu wa kidato cha pili.

Kuna mahali ambapo daktari mwenyewe hajui Kiswahili. Tangu mwaka 1968 timu za madaktari kutoka jimbo la Shandong, China, zimekuwa zikija kufanya kazi Tanzania Bara. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari mia moja hivi kutoka Kuba. Mgonjwa anayeketi mbele ya daktari wa namna hiyo anategemea Kiingereza cha mtu wa tatu, na Kiingereza hicho si lugha ya mama ya yeyote kati ya watu watatu waliomo chumbani.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuisema, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Makosa ambayo mwalimu wa Kiingereza huyapigia mstari kwa kalamu nyekundu mara nyingi hayamdhuru mgonjwa. Yanayomdhuru ni makosa yaliyovaa sarufi nzuri.

Mwanafunzi akisema "My head is paining me since Monday", mwalimu atasahihisha mambo mawili, na kwa darasa la lugha yuko sawa. Lakini daktari amekwisha kuelewa: kichwa, tangu Jumatatu. Mwanafunzi mwingine akisema "My sister has malaria", mwalimu ataweka alama ya vyema. Sentensi haina dosari. Hata hivyo, dada aliyeko nyumbani amesema "nina homa", basi, na malaria haikutajwa popote. Mwanafunzi ametoa hukumu badala ya ushahidi.

Jambo hili limechunguzwa kwingineko. Mwaka 2003 jarida la Marekani la tiba ya watoto, Pediatrics, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Glenn Flores kuhusu ziara za watoto ambazo mazungumzo yake, kati ya Kihispania na Kiingereza, yalirekodiwa. Ziara zilikuwa 13 tu, nazo zilikutwa na wastani wa makosa 31 ya ukalimani kwa kila ziara. Aina iliyozidi nyingine zote ilikuwa ni kuacha: jambo limesemwa, mkalimani hakulifikisha. Zaidi ya nusu ya makosa yote yalikuwa ya namna inayoweza kuathiri matibabu. Kuacha hakuonekani katika daftari la mwanafunzi. Maneno yasiyosemwa hayana mahali pa kupigiwa mstari.

Homa si malaria, na moyo si moyo

Neno homa kwa Kiswahili hubeba mizigo mingi. Ni joto la mwili, ni ugonjwa wowote unaomlaza mtu kwa joto hilo, na katika maeneo yenye malaria ni jina la malaria yenyewe. Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mtu mwenye homa alipewa dawa ya malaria moja kwa moja. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Homa inaweza kuwa ya mapafu, ya njia ya mkojo, ya matumbo au ya sikio. Mkalimani akitamka "malaria" anamsogeza tabibu aliyechoka upande mmoja, na kipimo kikitoka hasi, familia nayo huona kipimo ndicho kimekosea. Mwalimu anaweza kuzuia haya kwa kanuni moja ya darasani: taja kinachoonekana na kinachosikika mwilini, jina la ugonjwa mwachie mwenye kipimo.

Viungo vya mwili navyo si rahisi kama picha ya kitabuni inavyoonesha. Mama anayesema "moyo unaniuma" mara nyingi huweka kidole kwenye chembe cha moyo, pale chini ya mfupa wa kifua, penye tumbo la chakula. Mtoto akifasiri "her heart is hurting", daktari asiyeona kidole ataanza kufikiria mishipa ya moyo. Kinyume chake pia hutokea: mzee mwenye maumivu ya moyo halisi akasema ana kiungulia, mkalimani akalifikisha neno hilo kwa uaminifu mkubwa, na mzee akapewa dawa ya kupunguza asidi. Tumbo ni gumu zaidi. Ni tumbo la chakula, ni utumbo, ni mfuko wa uzazi, na wakati mwingine ni mimba yenyewe. Kwa sababu hii kidole kitangulie neno. Mwanafunzi aoneshe mahali kwenye mwili wake au kwenye mchoro wa mtu ubaoni, kisha ndipo atafute jina la Kiingereza. Akikosa jina, kidole kimekwisha kufanya kazi.

Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili kina utajiri wa kueleza maumivu ambao darasa la Kiingereza huuacha mlangoni. Kichwa hugonga. Tumbo husokota, hukata, huchoma, hujaa. Mbavu hubana, nayo pumzi hukatika kwa kichomi. Miguu huwaka moto au hufa ganzi, misuli huvuta, ngozi huwasha. Kila kimoja cha vitenzi hivi ni habari ya kitabibu. Tumbo linalosokota kwa vipindi na kuachia si sawa na tumbo linalouma mfululizo. Miguu inayowaka moto na kufa ganzi kwa mtu mwenye kisukari ina maana yake. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa neno "pain" peke yake hurudisha yote hayo kuwa "stomach pain", "leg pain". Ningependelea darasa lijifunze vitenzi sita vya maumivu kuliko majina thelathini ya magonjwa. Majina ya magonjwa daktari anayo tayari.

Yapo pia majina ambayo hayahamishiki kabisa. Katika Kisukuma neno nzoka ni nyoka, na hutumiwa vilevile kwa maradhi ya tumboni, takriban kama Waswahili wasemavyo mchango au chango. Mtoto akitafsiri neno kwa neno atasema bibi yake ana nyoka tumboni, na daktari mgeni ataandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Degedege nayo ni neno lenye njia yake: katika jamii nyingi za Tanzania limehusishwa na nguvu zisizo za kawaida, na kwa muda mrefu mtoto mwenye degedege alipelekwa kwa mganga wa jadi kwanza. Kwa tabibu, kinachoelezwa ni mtoto mwenye joto anayekakamaa, kutupa mikono na miguu na kupoteza fahamu, jambo ambalo katika eneo la malaria ni dalili ya hatari isiyosubiri asubuhi. Mkalimani hana haja ya kutafuta kisawe cha degedege. Aeleze alichokiona: alikakamaa, macho yaligeuka juu, ilichukua muda gani, alizinduka au la. Wala hana haja ya kumcheka bibi aliyetumia neno hilo.

Niongeze hapa neno mganga. Serikali yenyewe ina Mganga Mkuu wa Wilaya, na kijijini kuna mganga wa jadi. Vitabu vya zamani viliwafundisha wanafunzi wetu kumwita huyu wa pili "witch doctor", na wanafunzi bado hulitumia. Ni tusi, na lina hasara ya kitabibu pia, kwa kuwa mgonjwa akiona tabibu ameshtuka hatataja tena mitishamba aliyokunywa jana. "Traditional healer" yatosha. Baada ya hapo swali la maana ni moja: alimpa nini, kiasi gani, lini?

Amekunywa dawa

Hapa ndipo mahali ninapoomba walimu wa Simiyu wasimame kwa muda mrefu kuliko wenzao wa mikoa mingine. Katika Kiswahili dawa ni kidonge cha hospitali, ni majani ya mganga, ni dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mende. Katika nchi ya pamba, dawa ni kiuatilifu kinachopulizwa shambani, na chupa yake hukaa nyumbani, pengine chini ya kitanda, pengine katika chupa iliyokuwa ya soda. Kisukuma nacho kina neno bugota kwa dawa, na mgonjwa anayelitumia anaweza kuwa na maana zaidi ya moja kichwani.

Sasa tuchukue mfano. Kijana anafikishwa kituo cha afya akitokwa na mate, jasho na machozi, anatapika, pumzi yake ni nzito. Ndugu yake anasema: "Amekunywa dawa." Mwanafunzi wa sekondari aliyefuatana nao anafasiri kwa daktari mgeni: "He has taken medicine." Sarufi ni safi. Mwalimu wake amekuwa akimkataza kwa miaka miwili asiseme "drink medicine" maana Waingereza husema "take", naye leo amekumbuka. Lakini kijana amekunywa dawa ya pamba, na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huua kwa kuziba njia za hewa na kulegeza misuli ya kupumulia. Tiba yake ya haraka ni kusafisha njia ya hewa, kumpa oksijeni na atropini, pamoja na kumvua nguo zilizolowa na kumwosha. Kila dakika ambayo daktari anatafuta ni kidonge gani alichokunywa ni dakika iliyopotea.

Dunia inao mfano wake wa kweli. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania cha Kuba, walitumia neno "intoxicado", ambalo kwao ni hali ya mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Waliomhudumia walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe alikuwa akivuja damu ndani ya kichwa. Ilipogunduliwa, siku zaidi ya mbili zilikuwa zimepita, naye akabaki amepooza mikono na miguu yote. Hakuna aliyedanganya katika mazungumzo yale, na hakuna aliyeomba mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini kwamba umeelewa.

Basi mwanafunzi afundishwe kwamba akisikia neno dawa, kazi yake ya kwanza ni kuuliza kwa Kiswahili au Kisukuma: dawa gani? Ya hospitali, ya mganga, ya duka, au ya shamba? Chupa iko wapi? Mwalimu anaweza kuona swali hili liko nje ya silabasi ya Kiingereza. Ni kweli liko nje, lakini bila hilo tafsiri yoyote itakayofuata ni ya kubahatisha.

Chanzo kingine cha hatari ni neno dogo kuliko yote, yaani "ndiyo". Tabibu anapouliza "Hujatumia dawa yoyote?", Mswahili ambaye hajatumia hujibu "Ndiyo", akimaanisha: ndiyo, ni kama usemavyo. Kwa Kiingereza, mtu aliyeulizwa "You haven't taken any medicine?" na ambaye hajatumia hutarajiwa kusema "No". Mwanafunzi anayefasiri "ndiyo" kuwa "yes" ametafsiri kwa usahihi wa kamusi na kugeuza maana juu chini. Fikiria swali hilo likiwa linahusu mzio wa penisilini, au mimba, au chakula kabla ya upasuaji. Dawa yake iko kwa muulizaji zaidi kuliko kwa mfasiri. Mtumishi wa afya asiulize kwa kukanusha. Aulize "Umetumia dawa gani tangu ulipoanza kuumwa?", ili jibu lisiweze kuwa ndiyo wala hapana. Hilo pia huondoa tatizo la heshima, maana mgonjwa wa kijijini mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe hukubali mengi ili asionekane mbishi.

Heshima hiyo hiyo huingia katika salamu. Msukuma akisalimiwa "mwangaluka" hujibu kwamba ni amani, hata akiwa amebebwa kwa machela. Mswahili husema "nzuri tu, namshukuru Mungu", kisha baada ya pumzi moja huongeza "ila". Baada ya neno "ila" ndipo ugonjwa ulipo. Wanafunzi wetu wamekariri kwa sauti ya pamoja "We are fine, thank you, teacher" tangu wakiwa wadogo, nao huipeleka sentensi hiyo hadi chumba cha daktari. Daktari mgeni husikia "fine" na kuanza kujiuliza mgonjwa amefuata nini. Wafundishwe kwamba baada ya kujibu salamu ile ila ina nafasi yake katika Kiingereza pia. Kuhusu "pole", nisiseme mengi: haina kisawe, na mwanafunzi anayesema "sorry" kwa mgonjwa asishangae Mzungu akimjibu kwamba hakumkosea.

Mtoto asiyopaswa kuyasikia

Kuna maneno ambayo mjukuu anayajua kwa Kiingereza lakini hawezi kuyatamka mbele ya bibi, na mengine ambayo bibi hawezi kuyatamka mbele ya mjukuu. Haja ndogo, haja kubwa, hedhi, sehemu za siri, usaha unaotoka, nguvu za kiume: lugha yetu imeyafunika kwa adabu, na adabu hiyo ni njema mpaka inapofika chumba cha uchunguzi. Katika maeneo ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya kichocho, ambacho hujitokeza kwa damu katika mkojo au katika choo. Baba hatamwambia binti yake wa miaka kumi na mitano kwamba anakojoa damu ili amwambie daktari. Atasema kiuno kinamuuma, na binti atafasiri kiuno.

Ukalimani wa mtoto una mpaka, na mtumishi wa afya ndiye anayepaswa kuulinda. Mtoto anaweza kusaidia kusema mahali pa kidonda au siku za kikohozi. Habari za uzazi, magonjwa ya zinaa, VVU, kupigwa nyumbani, na habari ya ugonjwa usiopona hazimpasi. Hapo atafutwe muuguzi anayejua Kisukuma, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mtu mzima mwingine ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Hata dakika ishirini za kumsubiri si hasara.

Darasani, hata hivyo, maneno haya yafundishwe bila kucheka. Mwanafunzi ajue kwamba "stool", ambayo kitabu chake kimeieleza kuwa ni kigoda, katika maabara ni choo kikubwa. Wapo watakaopewa kikopo chenye kifuniko pamoja na neno hilo. Kiswahili chenyewe hakina haki ya kucheka, maana choo kwetu ni jengo na ni kinachoachwa ndani yake.

Ni vigumu kufundisha haya yote pale ambapo Kiswahili kimepigwa marufuku katika kipindi cha Kiingereza. Zipo shule zinazomwadhibu mwanafunzi akisema neno moja la Kiswahili, na najua sababu zake. Kwa somo hili marufuku hiyo inaharibu kazi. Maigizo ya watu wawili, mgonjwa na daktari wanaoongea Kiingereza wote, hayafanani na jambo lolote linalotokea Kiloleli. Yawe ya watu watatu. Mgonjwa aseme Kisukuma au Kiswahili cha nyumbani. Wa pili afasiri. Wa tatu, ambaye ni daktari, achore ubaoni alichoelewa: wapi, tangu lini, kunauma namna gani, ametumia nini. Kisha mgonjwa aamue kama mchoro ule ni ugonjwa wake. Alama zitolewe kwa mchoro. Sarufi itasahihishwa kesho yake.

Saa nane

Nimeiacha dawa inaporudi nyumbani mpaka mwisho, kwa sababu hapo mwanafunzi huwa peke yake, bila tabibu wa kumrekebisha. Juu ya bahasha ya vidonge kumeandikwa "1 x 3". Mtoa dawa amesema "kimoja, kutwa mara tatu". Kwa mtoto aliyetoka kwenye kipindi cha hesabu, moja mara tatu ni tatu, na "2 x 3" ni sita. Neno kutwa nalo ni mchana, tangu kuchwea haijafika. Aliye makini atameza vyote kabla ya giza. Maelekezo ya "after meals" yana mtego wake katika nyumba inayopika mara mbili kwa siku: dozi ya mchana hurukwa kwa uaminifu, kwa kuwa mchana hakukuliwa.

Lakini saa ndiyo mtego mkubwa. Mwingereza huhesabu saa zake kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, nasi huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. "8 p.m." ni saa mbili usiku, na "two o'clock" ni saa nane. Wanafunzi hulijua hili kwa mtihani na kulisahau mbele ya kasha la dawa. Zaidi ya hapo, Kiswahili sanifu hutumia neno lile lile kwa saa ya ukutani na kwa urefu wa muda. Dawa mseto ya malaria, artemeta na lumefantrini, ambayo nchi yetu imeitumia kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali tangu mwishoni mwa mwaka 2006, ina dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza sasa hivi, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara. Bibi akimeza dozi ya kwanza saa moja usiku, ya pili ni saa tisa usiku. Akisikia "baada ya saa nane" kama saa ya ukutani, atasubiri mpaka mchana wa kesho, saa kumi na tisa zimepita, na vijidudu vimepata nafasi. Akiwa ameanza saa nne asubuhi, atameza tena baada ya saa nne tu.

Wataalamu wa lugha hutukataza kusema "masaa". Wana hoja zao za ngeli, nami katika maandishi haya nimezitii. Lakini watu wa kawaida wamelihifadhi "masaa manane" kwa urefu wa muda na "saa nane" kwa saa ya ukutani, na mbele ya dirisha la dawa tofauti hiyo inafaa kuliko usanifu. Mtoa dawa anayetaka kubaki na Kiswahili sanifu ana njia nyingine: aitaje saa yenyewe. "Umemeza sasa, saa nne asubuhi, utameza tena saa kumi na mbili, jua likizama." Kisha amwombe bibi, si mjukuu, arudie kwa maneno yake mwenyewe, na mjukuu ayafasiri maneno hayo kurudi kwa mtoa dawa. Zoezi hilo halifiki dakika mbili.

Darasani lifanywe na bahasha tupu za dawa ambazo wanafunzi wameziokota nyumbani. Mmoja asome kilichoandikwa kwa Kiingereza, wa pili amweleze wa tatu kwa Kisukuma, wa tatu aseme atameza vingapi na lini. Mwalimu asiyejua Kisukuma asiogope, kwani darasa zima litamwambia. Na kila mwanafunzi anapotamka "saa nane", aulizwe papo hapo: ya mchana, ya usiku, au nane za kuhesabu?